Marashi Jikoni

Pera bivu halina siri. Weka bakuli moja la mapera sebuleni asubuhi, ikifika alasiri nyumba nzima imeshajua: mapazia yanajua, mito ya makochi inajua, mgeni akipiga hodi anajua kabla hajakaribishwa. Ni harufu isiyoomba ruhusa, tamu hadi inakaribia kuudhi, na ndani yake, ukiisikiliza vizuri, umo mwanzo wa kuoza. Waridi haliko hivyo. Waridi lililomo katika chupa ya marashi hukaa kimya rafuni miezi na miezi, na hata kifuniko kikifunguliwa hutoka kwa adabu, likapita mara moja mbele ya pua na kujiendea zake. Wawili hawa hukutana jikoni kwa muda mfupi mno. Jamu ya mapera imeiva, moto umezimwa, sufuria bado inatoa viputo vizito kimoja kimoja, ndipo kijiko cha marashi kinapomiminwa na mvuke ukapanda. Mvuke huo si wa pera wala wa waridi. Ni kitu cha tatu, hakina jina, na hakidumu hata muda wa kumwita aliye chumba cha pili aje kunusa. Kitu hicho cha tatu kinanishughulisha kuliko jamu yenyewe.

Kwetu pwani marashi yana nyumba yao, nayo si jiko. Nyumba yao ni mrashi, ule wa fedha au wa shaba wenye shingo ndefu na kichwa chenye matundu. Katika maulidi, watu wakiwa wamesimama kumsalia Mtume, mwenye mrashi hupita safu kwa safu akinyunyiza; viganja hufunguka kupokea, kisha hupanguswa usoni na kifuani. Harusini hunyunyizwa vilevile, yakachanganyika na moshi wa udi na vikuba vya asumini na rehani vilivyofungwa nyweleni. Msibani nako yapo: maiti ameshaoshwa, sanda imetandikwa, kafuri imesagwa, na chupa ileile imesimama pembeni ikingoja zamu yake. Mtoto wa pwani huyajua marashi kwa pua kabla hajayajua kwa ulimi. Baadaye ndipo anapoyakuta katika halua, katika faluda ya jioni za Ramadhani, katika arki inayotiwa tone moja kwenye keki ya Idi, na kila mara ulimi unashangaa kidogo, kwa sababu pua ilishaamua kwamba hiki ni kitu cha ibada na cha kuagana. Kuyatia katika jamu ya kupaka kwenye boflo la asubuhi ni kuyatoa katika kanzu na kuyavalisha nguo za kazi. Wapo wanaoona huo ni utovu wa heshima. Mimi naona ni heshima nyingine.

Yapo marashi ya namna nyingi. Mengi yanayouzwa Darajani Unguja au pale Markiti Mombasa huja na meli, na baadhi yake ni maji na manukato ya kiwandani tu. Hayo yafaa kunyunyizia mapazia, si kula, na anayenunua kwa ajili ya jiko ni lazima asome kibandiko. Lakini wenye jamaa Maskati huletewa ya Jabal Akhdar, milima ya Omani, na aliyewahi kuyanusa hayo hayasahau, kwa kuwa yananukia moshi. Kule juu milimani, kwenye miinuko ya kama mita 2,000 juu ya bahari, mawaridi ya Damasko huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, katika vikonde vilivyopangwa kama ngazi ubavuni mwa genge. Huchumwa mapema, jua halijapata nguvu, maana jua likishapanda harufu nayo hupanda nalo na kupotea. Petali hutiwa katika vyungu vilivyopangwa ndani ya tanuri la udongo na mawe, moto ukawashwa chini, na mvuke ukigusa chombo cha shaba chenye maji baridi juu yake hugeuka maji tena, tone baada ya tone, kwa saa nyingi. Kupata mafuta ya waridi ni kazi kubwa zaidi ya hiyo: kilo moja hutaka zaidi ya kilo 3,000 za petali. Maji ya waridi hayahitaji uharibifu wa kiasi hicho, kwa sababu sehemu moja ya harufu ya ua hili huyeyuka majini kwa hiari yake. Ndiyo maana maskini naye anayo chupa.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Ni mvuke uliolitoa waridi kwenye petali kule mlimani, na ni mvuke huohuo unaolitorosha sufuriani huku kwetu. Mpikaji anayemimina marashi mapema, jamu ikiwa bado inatokota, anarudia kazi ya mwenye tanuri, ila hana shaba baridi ya kunasa kile kinachopanda. Dari ndiyo inayopata faida. Tunda linataka moto, tena mwingi, ndipo lidumu. Ua linataka moto uishe. Asiyejua tofauti hiyo atapata jamu nzuri ya mapera na jiko linalonukia harusi.

Kwa hiyo mtu anasubiri, na katika kusubiri kuna mengi ya kutazama. Mapera hukatwa vipande na kuchemshwa na maji kidogo mpaka yalegee kabisa, kisha hupitishwa katika chujio kwa mgongo wa mwiko, maana mbegu zake ni nyingi na ngumu, wala hakuna jino linalozipenda. Kinachoshuka chini ya chujio ni uji mzito, wa rangi ya waridi ikiwa pera lilikuwa jekundu ndani, wa rangi ya krimu ikiwa lilikuwa jeupe. Uji huo hupimwa, na sukari ikapimwa kuukaribia uzito huo, na ndimu zikakamuliwa. Ndimu si ya ladha tu. Pera lina pektini nyingi, ule utando usioonekana unaoshika jamu isimiminike, lakini pektini haishikani bila uchachu na bila sukari ya kutosha. Vitatu hivyo vikikosa kimoja, utachemsha mpaka Isha na utabaki na sharubati. Baada ya hapo ni moto na mwiko. Povu jeupe hujikusanya pembezoni nalo huenguliwa. Mwanzoni viputo ni vidogo, vya haraka, vya maji. Maji yakipungua viputo hukua, hunenepa, hupasuka kwa sauti nzito na kurusha matone yanayounguza mkono hasa. Wenye kipimajoto hungoja nyuzi 104 au 105. Wasio nacho huweka kisosi kwenye friji, wakadondosha tone, wakalisukuma kwa ncha ya kidole: likikunjamana kama ngozi ya maziwa, basi imeiva. Likikimbia, mwiko urudi kazini. Kidole hicho kinajua jambo ambalo macho hayalioni, na sijapata kusoma maelezo yanayoweza kukifundisha kidole cha mwingine.

Sukari haiwaui vijidudu kwa ukali wowote. Inawanyima maji. Katika jamu iliyoiva vizuri, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, na sehemu kubwa ya maji yaliyobaki imeshikwa nayo. Ukungu unakuta maji yamo lakini hayanyweki. Hivyo tunda lililokuwa na siku tatu za maisha linapewa mwaka. Wazee walisema akiba haiozi, na sijui kama waliwahi kupata ushahidi wa wazi kuliko chupa ya jamu. Lakini wazee haohao, pengine siku hiyohiyo na barazani hapohapo, walisema pia kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini. Methali zetu hazina aibu ya kupingana, zinajua kuwa maisha hayana upande mmoja. Ninachokipenda katika jamu yenye marashi ni kwamba methali zote mbili zimo ndani ya chupa moja na hakuna iliyoshinda. Tunda linafuata ile ya kwanza: lifunike vizuri, litakungoja. Ua linafuata ile ya pili. Siku chupa inapofunguliwa waridi lipo wazi, wiki ya pili limesogea nyuma, mwezi ukiisha unakula jamu ya mapera yenye kumbukumbu ya kitu fulani ambacho mgeni hawezi kukitaja. Hakijaoza. Kimeondoka tu.

Na akiba yenyewe si bure. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa, sukari Tanzania ilipanda bei hadi watu wakaanza kuipima chai kwa macho. Wakati huo kupika jamu kulikuwa anasa ya kuficha. Mtu hujiuliza kwa nini maembe yanaoza chini ya miti kila msimu, kuanzia Novemba hadi baada ya mwaka mpya, dodo na boribo zikipasukia njiani, nzi wakiwa ndio walaji wakuu, na hakuna anayeyapika akayaweka. Jibu si uvivu, kama wanavyopenda kusema watu wa semina. Jibu ni kwamba embe ni la bure na sukari si ya bure, mkaa si wa bure, na chupa yenye kifuniko kinachofunga sawasawa huenda ikawa ghali kuliko vyote. Kuhifadhi ni kazi ya aliyekwisha kushiba leo. Ndiyo maana dukani kumejaa jamu nyekundu yenye picha ya stroberi, na watoto wengi waliolelewa nayo wanaamini kwamba nyekundu ni ladha.

Utamu huu una deni la zamani pia. Katika karne ya 19 miwa ilistawi kando ya Mto Pangani, na walioikata walikuwa watumwa. Ng'ambo ya bahari, Unguja na Pemba, mikarafuu ilipandwa kwa mikono ya watu wa namna hiyohiyo, na sheria haikuwatambua kuwa huru mpaka mwaka 1897. Siwezi kupima sukari kikombe kwa kikombe bila wazo hilo kunipitia walau mara moja. Halikai. Mwiko hauruhusu mawazo marefu. Ila linapita, nami naliachia nafasi lipite.

Nimeitaja karafuu, na hapo ndipo ninapoona kwamba Wazanzibari walitia maua katika vyakula vyao vitamu tangu zamani bila kuita hivyo. Karafuu ni ua. Ni ua lililochumwa kabla halijachanua, kichwa chake kikiwa bado kimefumba. Huchumwa vitumba vikianza kupata wekundu, maana likifunguka tu thamani yake imekwisha. Kisha huanikwa kwenye majamvi, na barabara za Pemba wakati wa mavuno hunukia kwa namna ambayo hata dereva aliyefunga madirisha anaijua. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Karafuu tatu katika sufuria ya jamu ya nanasi hufanya kazi kinyume kabisa cha marashi. Hizo hutiwa mwanzoni, huchemshwa na tunda tangu hatua ya kwanza, nazo haziogopi moto hata kidogo; kadiri zinavyochemka ndivyo zinavyozidi kutoa. Mwaka ukipita bado zimo. Nikizitazama nawaza kwamba ua lililokubali kutochanua limelipwa kwa kudumu, na lile lililochanua kwa ukamilifu kule mlimani, likajifungua lote mbele ya jua la asubuhi, halidumu mezani hata mwezi. Sijui ni lipi lililofanya biashara nzuri. Ningekuwa ua, nadhani ningetaka kuchanua. Ningekuwa mfanyabiashara, ningekuwa Pemba.

Iko njia ya tatu, ya Wahindi, na watafunaji wa tambuu wa Mombasa na Unguja wanaijua kwa meno. Gulkandi haipikwi. Petali za waridi na sukari hupangwa tabaka kwa tabaka katika chupa, chupa ikawekwa juani wiki kadhaa, ikitikiswa mara kwa mara, hadi petali zilegee na kuwa kahawia, na sukari igeuke asali nzito. Humo ua halikuja kama roho, limekuja na mwili wake wote: lina nyuzi, linatafunika, lina uchungu mdogo nyuma ya utamu. Kitu kizuri sana ndani ya tambuu. Kwenye mkate hakipendezi, ingawa najua watakaonipinga. Kwangu mimi waridi linalotafunwa limeshaacha kuwa waridi. Limekuwa mboga tamu. Uzuri wa marashi ni kwamba mwili wa ua umeachwa tanurini, na kinachomiminwa kwenye kijiko ni kile tu ambacho hata bustanini hakuna mkono uliowahi kukishika.

Pengine ndiyo sababu harufu hutusumbua kuliko ladha. Ladha ni ya anayekula. Harufu ni ya yeyote aliye karibu, awe amealikwa au hakualikwa. Huwezi kuifungia mlango. Huwezi kuirithisha. Mtu anaweza kuacha nyumba, shamba, kanga za doti kumi na mbili zilizokunjwa sandukuni, na wanawe wakagawana. Lakini ile harufu iliyokuwa ndani ya sanduku hilo, udi na asumini kavu na kitu kingine cha mwilini mwake mwenyewe, itawapiga mara moja wanapofungua, itawapiga kidogo mara ya pili, kisha nguo zitakuwa nguo. Wanaofua mapema hulaumiwa. Wasiofua nao hawaipati, hewa inawafulia. Tunaposema tunahifadhi, mara nyingi tunahifadhi sukari na uzi, na tunatumaini kwamba kile kingine kitashikamana navyo. Hushikamana kwa kiasi. Kiasi hicho ndicho tunachokiita ukumbusho, na tunatosheka nacho kwa kuwa hatuna kingine.

Jirani yangu, bibi mmoja ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, hana subira na mawazo ya namna hii. Nilimpelekea chupa ya jamu ya mapera ikiwa bado na joto.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini leo?"

Hakungoja kijiko. Alichovya kidole, akakilamba, akafumba macho. Kisha akacheka mpaka mtandio ukamteleza begani.

"Mwanangu, hii ya kula au ya kumpaka maiti?"

Nilimwambia marashi ni kijiko kimoja tu, kwa sufuria nzima. Akasema kafuri nayo ni vijiko vichache tu, na hakuna anayeitia kwenye uji. Tulibishana hivyo kibarazani, yeye akiendelea kuchovya. Kwake yeye marashi mchana, pasi na maulidi wala harusi, yana swali moja: nani amefariki? Ameosha maiti wengi mno katika maisha yake, na kila mmoja wao ameacha alama yake ndani ya chupa zote za marashi duniani. Nilitaka kumwambia kuwa kwangu ni kinyume, kwamba kwangu waridi ni viganja vya wajomba vilivyofunguliwa usiku wa maulidi na usingizi wa mtoto mapajani mwa mtu. Sikusema. Chupa ilikuwa moja, jamu moja, kipimo kimoja, na tulikuwa tumeshakula vitu viwili tofauti. Wala sikubali kwamba nilizidisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kabla sijaondoka nilihesabu kwa macho kilichobaki chini ya mdomo wa chupa, nikaona hukumu ya kidole chake haifanani na ya ulimi wake.

Pwani chombo hakirudi kitupu. Siku chache baadaye mjukuu wake alibisha hodi na chupa ileile, imeoshwa, imejazwa achari ya ndimu yenye pilipili za kutosha kumwamsha aliyelala, na ujumbe aliokariri njiani asiusahau:

"Bibi anasema ahsante. Anasema ukipika tena mpikie ya nanasi, utie karafuu. Hii ya waridi wape maharusi, wao hawajazika mtu bado."